Sufu na Usumba: Kuisoma Riwaya ya Shamba ya Uskoti kutoka Vanga

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiuliza riwaya maswali mawili makubwa: inamtetea nani, na imejengwa namna gani. Maswali hayo ni ya haki, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini liko swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: je, riwaya hiyo inaijua kazi? Yaani, mtu anapolima, anapofua nazi au anapotega jarife, mwandishi anaiona mikono yake, au anaona jasho lake na dhiki yake tu? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ambayo huenda ikaonekana ya mzunguko. Nitaisoma riwaya ya mashamba ya Uskoti ya mwanzo wa karne ya ishirini, *Sunset Song* ya Lewis Grassic Gibbon, iliyotoka mwaka 1932, nami nitaisoma kutoka Vanga.

Vanga ni mji wa wavuvi na wakulima, uliojificha nyuma ya mikoko karibu na mlango wa Mto Umba, pale Kenya inapokutana na Tanzania. Lugha ya wenyeji ni Kivumba, lahaja ambayo H. E. Lambert aliichapishia kijitabu mwaka 1957, kabla ya kukitoa kile cha Chichifundi mwaka 1958. Minazi ipo, mpunga upo katika bonde la Umba, mbuzi wapo na kondoo wapo. Lakini kondoo wa huku hana sufu. Ana singa fupi kama mbuzi, na utajiri wake wote umo katika mkia wenye mafuta. Hakuna mtu wa Vanga aliyepata kumkamata kondoo wake ili amkate manyoya, kwa kuwa hakuna cha kukata.

Hata hivyo neno sufu analijua. Mtoto wa Vanga hukutana na sufu chuoni kabla hajakutana nayo dukani, kwa maana Sura Al-Qaria inaifananisha milima ya Siku ya Kiyama na sufu iliyochambuliwa. Mwalimu anapofasiri hapo, mtoto huiangalia foronya ya mto wake. Lugha yetu ilipolipokea neno la Kiarabu ililipeleka pia mtini: pamba ya msufi ikaitwa sufi, nayo ndiyo iliyojaza mito na magodoro ya pwani. Basi kwa mtu wa Vanga sufu kwanza ni jambo la akhera, kisha ni kitu kinachoota juu ya mti, na mwisho kabisa ndipo iwe kitu cha mnyama. Mfasiri asiyeujua mpango huo wa maana atapotea njiani, ingawa kamusi anayo mkononi.

Hapana budi nieleze kazi yenyewe, maana baadhi ya wasomaji wangu hawajaiona. Katika Uskoti ya miaka ya 1900 kondoo wa milimani alikatwa sufu mara moja kwa mwaka, mnamo Juni na Julai. Siku haikuchaguliwa kwa kalenda peke yake. Kondoo akishapata majani ya kutosha baada ya kipupwe, sufu mpya huanza kuota na kuisukuma ile ya zamani ikaachana kidogo na ngozi. Hapo ndipo mkasi unapopata njia. Akikatwa kabla, mkasi unakwama. Akicheleweshwa sana, sufu inaanza kumvuka yenyewe na kupotea vichakani. Mkasi wenyewe haukuwa na msumari katikati kama wa mshonaji. Ulikuwa kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa kama kibano, chenye bapa mbili zinazojifungua zenyewe mkono ukilegea. Kondoo alikalishwa kwa matako au kulazwa juu ya benchi maalumu, naye akishashikwa vizuri hutulia. Mkataji stadi aliitoa sufu yote kwa pamoja kama nguo moja, bila kuikatakata wala kuitoboa ngozi. Nguo hiyo ikatandazwa, ikakunjwa pande mbili, ikaviringishwa na kufungwa kwa sufu ya shingo iliyosokotwa papo hapo, kisha ikatupwa katika gunia kubwa lililotundikwa, ambamo mtoto mmoja alikuwa akiikanyaga ili ishikamane. Kondoo akatiwa alama ya mwenyewe kwa lami au rangi, akaachiliwa. Hapo zilisikika kelele kubwa: wana-kondoo waliotengwa wanalia, na mama akirudi bila sufu mwanawe hamtambui kwa macho mpaka amsikie sauti au amnuse.

Hakuna aliyefanya kazi hiyo peke yake. Majirani walizunguka kutoka shamba hadi shamba, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba akawalisha. Sisi tunaita ujima; wenzetu wa Tanga wana msaragambo. Katika jambo hili mkulima wa Uskoti na mkulima wa bonde la Umba wangeelewana bila mkalimani.

Sasa tuyatazame maneno. Tuseme *kunyoa* kondoo? Neno hili linakuja na wembe, na kichwa cha mtoto wa siku arubaini, na juu ya hayo linakuja na methali ya mwenzako akinyolewa zako tia maji. Sentensi ambayo kwa Mskoti ni ya shangwe ya kiangazi itamtia msomaji wetu hofu. Wafasiri wa Biblia ya Union Version (1952) walikwepa mtego huo wakachagua *kukata* pamoja na *manyoya*, uamuzi wa busara ingawa manyoya yanamwita ndege kabla ya kondoo. Mimi ninapendelea kutumia *kukata sufu* kwa kazi yote kwa ujumla, na *kumvua* kwa ile hatua ya mwisho ambapo nguo ya sufu inatoka nzima, kwa kuwa ndivyo inavyoonekana: kama mtu anayevuliwa kanzu. Najua fika kwamba Vanga watacheka, kwani huku kuvua ni kuvua samaki, na kondoo aliyevuliwa ni kondoo aliyetoka baharini. Nawaache wacheke. Neno linalochekesha katika mji mmoja laweza kufaa katika lugha nzima.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi za nchi za baridi, na kwamba kila mfasiri wa riwaya ya namna hii atalazimika kukopa hatua kwa hatua. Hoja hii inachanganya majina na vitenzi. Ni kweli majina yatapungua: aina za kondoo, sehemu za zizi, vifaa. Lakini kazi hukaa zaidi katika vitenzi, na vitenzi tunavyo. Nautoa mfano wa nazi. Mkwezi huziangua, zikakusanywa, kisha zikafuliwa juu ya kifuo, yaani mti uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini. Mfuaji huigandamiza nazi, akaizungusha, makumbi yakaachana na kifuu. Naye, kama mkataji wa sufu, husifiwa kwa uchache wa mapigo yake. Makumbi hayatupwi. Hufukiwa katika tope la ufuoni, maji yakayajia na kuyaacha kwa miezi kadhaa, kisha wanawake huyafukua, wakayaponda kwa magongo, wakayaosha, wakayachambua, na kinachobaki ni usumba. Usumba husokotwa ukawa kamba, na kamba hiyo ndiyo iliyofunga mitumbwi, vitanda na mapaa ya nyumba. Kuponda, kuchambua, kusokota, kusuka, kufuma: safu hii yote inaweza kuhamia katika sufu bila kubadilishwa herufi. Tena zote mbili, sufu na usumba, ni nyuzi zinazotokana na ganda la kitu kingine, na zote mbili zilipita katika mikono ya wanawake ambao riwaya kwa kawaida huwasahau. Mfasiri aliyekulia karibu na mashimo ya makumbi ana mtaji mkubwa kuliko mwenye kamusi tatu.

Ipo hata hivyo sehemu moja ya Afrika Mashariki ambako sufu ilikatwa kwa Kiswahili hasa, nayo ni Bonde la Ufa. Lord Delamere alipopata shamba lake la Njoro mwaka 1903 alileta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo, wengi wakafa kwa upungufu wa madini katika majani ya huko, naye akahamishia kondoo wake Soysambu na kuendelea kuwachanganya madume wa kigeni na majike wa Kimaasai. Wamaasai wenyewe walikwisha kusukumwa kwa mapatano ya 1904, wakasukumwa tena kwa yale ya 1911. Katika mashamba hayo lugha ya zizi ilikuwa Kisetla, Kiswahili kilichonyolewa, kama nikiruhusiwa mzaha huo, kikabaki amri tupu: leta, shika, funga, ngoja. Vitabu kama *Up-Country Swahili* cha F. H. Le Breton (1936) vilikifundisha kwa fahari. Kwa hiyo mtu anapodai kwamba Kiswahili hakina nathari ya ufugaji wa kondoo wa sufu, hana budi kukumbuka kwamba lugha ilikuwapo pale zizini mchana kutwa. Ila ilikatazwa kusimulia. Masimulizi yaliandikwa kwa Kiingereza, kama Elspeth Huxley alivyomwandikia Delamere juzuu mbili mwaka 1935, na wakataji wenyewe humo hawana sauti.

Turudi kwa Gibbon. Jina lake halisi lilikuwa James Leslie Mitchell. Alizaliwa mwaka 1901 na akafa mwaka 1935 kabla hajatimiza miaka 34. Riwaya yake inahusu eneo la Mearns, kaskazini-mashariki ya Uskoti, tangu mwaka 1911 hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sehemu zake nne za kati zimepewa majina ya kazi za mkulima, kutoka kulima hadi kuvuna, na mhusika mkuu ni msichana Chris Guthrie wa shamba la Blawearie. Msomaji atakayeifungua kwa kutafuta sherehe za kukata sufu hatazipata. Mearns ilikuwa nchi ya shayiri, ng'ombe na farasi wa kulimia. Mifugo mikubwa ya malisho inatajwa mwishoni, na inatajwa kama adui: vita vimeisha, wakulima wadogo wamekufa au wamehama, na ardhi iliyolimwa inaachiwa wanyama na mitambo.

Hapo Gibbon anagusa donda la zamani. Katika Sutherland, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, wapangaji waliondolewa mabondeni na nyumba zao zikachomwa ili kondoo wa Cheviot wapate malisho. Bonde la Strathnaver lilipata pigo lake mwaka 1814 na tena mwaka 1819. Wengi wa waliofukuzwa walisukumwa hadi ufuoni, wakaambiwa wawe wavuvi. Neil Gunn aliisimulia habari ya kufukuzwa katika *Butcher's Broom* (1934), na ile ya watu wa bara waliojifunza bahari kwa lazima katika *The Silver Darlings* (1941). Ningependa mwanafunzi mmoja wa pwani ya kusini aisome hii ya pili, kwani humo uvuvi wa samaki umeandikwa kwa uangalifu ambao mvuvi wa Vanga au wa Shimoni angeukubali. Kwa Mskoti, basi, kondoo si mnyama mpole wa kadi za Krismasi. Ni hati ya kufukuzwa. Mfasiri atakayeandika *kondoo* akiwa na upole wa Kiswahili kichwani, ule unaotufanya tuseme mtu amekufa kikondoo, atakuwa ameandika neno sahihi na maana isiyo sahihi.

Jambo linalonivuta zaidi kwa Gibbon ni lugha yake. Katika dibaji fupi anawaomba radhi wasomaji wa Kiingereza kwa mfano wa kubuni: tuseme Kiholanzi cha maandishi kimekufa, na Mholanzi anaandika kwa Kijerumani habari za wakulima wa kwao; je, hatakuwa na haki ya kuingiza maneno machache ya nyumbani na kukipa Kijerumani chake mwendo wa usemi wa wakulima wale? Ndivyo alivyofanya yeye. Hakuandika Kiskoti kitupu, wala hakukitia Kiskoti vinywani mwa wahusika peke yao huku msimulizi akibaki na Kiingereza safi. Msimulizi mwenyewe anasema kama watu wa kijiji, tena mara nyingi kwa nafsi ya pili, *wewe* ambaye mara ni Chris na mara ni kijiji kizima kinachosengenya.

Waandishi wetu wengi wamechagua njia ile ambayo Gibbon aliikataa. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, lahaja imepewa chumba kimoja tu katika riwaya, nacho ni mazungumzo. Mzee wa kijijini husema kwa lahaja, msomaji hutabasamu, kisha msimulizi hurudi na sanifu yake kama karani anayeandika taarifa. Matokeo yake ni kwamba lahaja huonekana kuwa ni ya vichekesho na uzee. Sisemi hivi kwa kukidharau Kiswahili sanifu, ambacho ndicho kinachonilipa mshahara. Nasema tu kwamba mtoto wa Vanga yuko pale alipokuwa Chris Guthrie. Gibbon anatuonyesha Chris wawili ndani ya mwili mmoja, mmoja wa vitabu na Kiingereza, mwingine wa udongo na maneno ya nyumbani, wakipokezana siku kwa siku bila mmoja kumshinda mwenzake. Mtoto wetu ana watatu: wa Kivumba, wa sanifu na wa Kiingereza.

Nafsi ya pili ya Gibbon, ambayo wahakiki wa kwao wameiandikia mengi, kwetu si ngeni hata kidogo. Muulize mtu wa Vanga njia ya kwenda Jimbo, au namna ya kufukia makumbi, naye atakujibu kwa *unachimba, unayatia, unayaacha, ukirudi unakuta*. Hakukusudia wewe. Anajisemea yeye, na babu yake, na yeyote atakayekuja. Riwaya zetu hazijaitumia sana nafsi hii katika usimulizi, na mimi naona ni hasara.

Badala yake tumekuwa na *hu-*. Tazama *Desturi za Wasuaheli*, kitabu ambacho Carl Velten alikichapisha mwaka 1903 na ambacho sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ni hazina. Kilimo, uvuvi na ufundi vimo, vimeelezwa na mtu aliyevijua. Lakini *hu-* imetawala kurasa nyingi: watu hulima, hupanda, huvuna. Kazi imekuwa desturi, haina siku wala mvua ya siku hiyo. Hilo si kosa la Mtoro, kwa kuwa aliandika maelezo ya mila. Tatizo ni pale riwaya inaporithi kiambishi hicho. Muhammad Saleh Farsy katika *Kurwa na Doto* (1960) aliiita kazi yake, katika kichwa kidogo, maelezo ya makazi ya kijiji cha Unguja, na kweli ndivyo ilivyo: kijiji kimepigwa picha nzuri, lakini mara kwa mara hadithi inasimama ili desturi ipite. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi (1978) ina nguvu nyingine. Humo hatuna utalii wa desturi. Tuna shamba kama uwanja wa dhuluma, na Kijakazi anayemtumikia bwana wake hadi mwisho wa nguvu zake. Lakini kazi yake tunaioneshwa zaidi kama mzigo na kwa nadra kama ujuzi. Anaonewa, naam, je, mikono yake inajua nini? Mnyonge aliyenyimwa ustadi katika riwaya amenyimwa mara mbili. Gibbon aliweza kusema yote mawili: John Guthrie, babake Chris, ni mtu katili anayeitesa nyumba yake, na papo hapo ni mkulima ambaye huwezi kuuondoa macho mkono wake shambani.

Sitaki nieleweke kwamba Gibbon hana dosari. Aliamini nadharia iliyosema ustaarabu wenyewe ndio uliowaharibu watu wa kale waliokuwa huru na wema, na kila Chris anapokwenda kwenye mawe ya kale yaliyosimama juu ya kilima, nadharia hiyo inapiga hodi. Hotuba ya kasisi mwishoni, mbele ya majina ya waliokufa vitani, inamweleza msomaji mambo ambayo riwaya ilikwisha kumwonyesha. Lakini kabla ya hotuba hiyo kuna kurasa ambazo sijaona mfano wake. Miti ya Kinraddie inakatwa kwa mahitaji ya vita, na mkulima anayerudi kwa likizo anaona mara moja kwamba mashamba yamebaki wazi mbele ya upepo. Watu wa Vanga, ambao mikoko ndiyo ukuta wao, hawahitaji tanbihi hapo. Na Ewan Tavendale, mume wa Chris, anapigwa risasi na jeshi lake mwenyewe huko Ufaransa kwa kutoroka, baada ya upepo wa asubuhi kumkumbusha shamba lake.

Vita hivyo vilifika Vanga pia. Tarehe 18 na 19 Januari 1915, ng'ambo ya mpaka tu, katika shamba la mkonge la Jasini, majeshi ya von Lettow-Vorbeck yaliishambulia ngome ya Waingereza mpaka ikasalimu amri. Waliopigana pale walikuwa askari wa Kihindi na wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na baadaye Waingereza wakaliacha bonde la Umba. Mpunga wa mwaka ule nani aliuvuna? Kumbukumbu za kijeshi zinahesabu bunduki. Swali la mpunga ni la mwandishi wa riwaya, naye hatalijibu kwa *hu-*.

Limebaki jina la kitabu. Wenzangu wawili niliowaonyesha rasimu ya tafsiri wanapendekeza *Wimbo wa Machweo*, na kwa kamusi hakuna ubaya. Mwingine alitaka *Wimbo wa Magharibi*, lakini magharibi itamwita msomaji wetu kwenye sala, au itampeleka Ulaya, na vyote viwili si mradi wa Gibbon. Machweo nayo naiona imekwisha kuchujuka kwa kutumiwa mno na washairi wa mapenzi. Gibbon anazungumzia jua linalotua juu ya watu wakiwa bado na jembe mkononi. Kwa hiyo mimi nimeandika *Wimbo wa Kuchwa*, kwa kitenzi kile ambacho wazee wa Vanga hukitumia wanapowaita watu warudi kutoka shamba, na nimemwambia mhariri kwamba nikilazimika kubadilisha chochote katika tafsiri, nitaanza na sura nyingine.